Mfu Asiye na Historia: Kasoro za Filamu Nafuu za Wafu-Hai Zikitazamwa kutoka Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kasoro za filamu za kutisha za bajeti ndogo zinazohusu wafu-hai, yaani zombi au misukule, kwa kuzitazama kutoka mpaka wa Kenya na Uganda katika eneo la Busia na Tororo. Hoja kuu ni kwamba uhakiki umezoea kuhesabu kasoro za picha, sauti na vipodozi, ilhali kasoro nzito zaidi imo katika kisa. Mfu anayeonyeshwa hana historia, na pengo hilo hujazwa na mtuhumiwa aliye karibu, mara nyingi bibi kizee wa kijijini. Makala yanafuatilia asili ya vigezo vya uhakiki huo tangu filamu za kikoloni za miaka ya 1930, yanaeleza jinsi zombi alivyopoteza sura yake ya mfanyakazi, kisha yanaonyesha kwamba mpaka huu una historia yake ya malale, kazi ya lazima na wazimamoto inayoweza kubeba kisa cha aina hiyo. Mwisho yanatoa mapendekezo kwa vyombo vya kuainisha, kufadhili na kuhifadhi filamu.

1. Utangulizi

Filamu ya kutisha iliyotengenezwa kwa fedha kidogo ina sifa zinazojulikana kwa kila mtazamaji wa Afrika Mashariki. Usiku wake ni mchana uliotiwa rangi ya buluu. Wafu wake wamepakwa unga usoni, na saa za mikononi hawakuvua. Sauti ya upepo au ya jenereta inameza maneno ya mhusika mkuu. Kundi la wafu linalotajwa kuwa mamia lina watu tisa, na wale tisa wanapita mbele ya kamera mara tatu. Wahakiki wameziorodhesha kasoro hizi mara nyingi, na watazamaji wenyewe huzicheka.

Makala haya hayakusudii kukanusha orodha hiyo. Kasoro zilizotajwa ni za kweli. Linaloulizwa ni kama ndizo zinazostahili kumshughulisha mtafiti na mshauri wa sera, au kama zimeficha kasoro nyingine yenye madhara makubwa zaidi. Ili kujibu swali hilo, makala yanasimama mahali mahususi. Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Tororo, kaskazini mwa Busia, ni mji wa reli, saruji na mwamba unaoonekana kutoka mbali. Mpaka unaopita hapa uliwagawa Wasamia na Wateso baada ya mwaka 1902, pale Jimbo la Mashariki la Uganda lilipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, ambayo baadaye ikawa Kenya. Tangu Februari 2018, Kituo cha Pamoja cha Mpakani cha Busia kimefunguliwa rasmi ili watu na mizigo vikaguliwe mara moja badala ya mbili.

Katika eneo kama hili, filamu hukutana na mapokeo mawili ya usimulizi. Kutoka Uganda kuna wasimulizi wa vibanda vya video, maarufu kama maveejay, akiwamo VJ Jingo, ambao hutafsiri na kuichangamsha filamu kwa Kiluganda. Kutoka Kenya kuna DJ Afro, anayefanya kazi hiyo kwa Kiswahili cha mjini. Tanzania nayo ilikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake ilisafiri pamoja na kanda za VHS. Mpaka huu basi ni mahali pazuri pa kuuliza filamu nafuu inakosa nini, kwa sababu hapa hakuna taifa moja linaloweza kudai kwamba tatizo ni la jirani.

2. Orodha ya kasoro ilitoka wapi

Mazoea ya kuipima filamu ya Afrika Mashariki kwa upungufu wake wa kiufundi hayakuanza na video. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu fupi 35 kutoka kituo chake cha Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Mradi huo uliongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, na ulipata ruzuku ya Shirika la Carnegie la Marekani. Lori lake lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland likionyesha filamu hizo usiku, hadharani.

Filamu hizo zilikuwa nafuu kwa kila kipimo. Zilipigwa kwa ukanda mwembamba wa milimita 16, waigizaji wake wengi hawakuwa na mafunzo, na sauti ilirekodiwa kwenye sahani za santuri, hivyo kuilinganisha na picha kulikuwa kazi ngumu. Waendeshaji wa mradi waliyaandika matatizo haya kwa kirefu katika ripoti yao ya mwaka 1937. Waliandika pia juu ya mtazamaji: anaelewa nini, anacheka wapi, anahitaji picha iende polepole kiasi gani. Kitengo cha Filamu za Makoloni kilichoundwa mwaka 1939 kiliendeleza mtazamo huo, hasa kupitia William Sellers, aliyeshikilia kwamba Mwafrika wa kijijini anahitaji filamu sahili isiyo na hila za kamera. Hivyo mazungumzo yote yakajengwa juu ya nguzo mbili: ubora wa mashine na uwezo wa mtazamaji.

Nguzo ya tatu haikuguswa. Hakuna aliyeuliza kama kisa chenyewe kilisema kweli kuhusu maisha ya watu. Filamu nyingi za mtindo huo zilifuata muundo wa mwerevu na mpumbavu. Mmoja anafukia fedha zake ardhini na kuibiwa, mwingine anaziweka akiba posta na kufanikiwa. Mmoja anapuuza ushauri wa daktari na kuugua, mwingine anaufuata na kupona. Chanzo cha umaskini na ugonjwa kikawekwa katika tabia ya mwanakijiji. Kodi, bei ya pamba na kazi ya lazima havikuwa na nafasi katika kisa. Tutaona kwamba muundo huu umedumu kuliko mashine zilizouleta.

3. Uhaba na ufundi wake

Kabla ya kuendelea na hoja ya kisa, ni haki kueleza kasoro za kiufundi zinatokana na nini, kwa kuwa mara nyingi huchukuliwa kuwa uvivu. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Uganda. Filamu ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ilitengenezwa na Nabwana I.G.G. katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, kwa fedha zinazotajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Si filamu ya wafu-hai; ni ya mapigano. Hata hivyo inaonyesha mazingira ambamo filamu nafuu za kila aina huzaliwa. Kompyuta iliunganishwa na Nabwana mwenyewe kutokana na vipuri. Bunduki zilichongwa kwa mbao na vyuma chakavu. Umeme ulikatika mara kwa mara. Baada ya kazi kukamilika, mafaili ya awali yalifutwa ili kupata nafasi ya filamu iliyofuata, na kwa hiyo kilichobaki ni nakala ya ubora wa DVD yenye sauti ya msimulizi, VJ Emmie.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. La kwanza ni kwamba kasoro ya picha ina sababu za kiuchumi zinazoweza kutajwa moja baada ya nyingine: bei ya diski, kukatika kwa umeme, ushuru wa vifaa. La pili ni kwamba jamii imejitengenezea dawa. Msimulizi huziba pengo la sauti mbovu, hugeuza kosa la uhariri kuwa kichekesho, na humwambia mtazamaji mapema nani atakufa. Mtu anayesikiliza sauti ya msimulizi haumizwi na kipaza sauti kibaya.

Historia ya aina hii ya filamu duniani inathibitisha jambo hilo hilo. Night of the Living Dead ya George Romero, iliyotolewa Marekani mwaka 1968, iligharimu takriban dola 114,000, kiasi kidogo mno kwa sinema ya huko. Ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na sharubati ya chokoleti ikatumika badala ya damu. Jina lake lilipobadilishwa, tangazo la hakimiliki lilisahaulika, na filamu ikawa mali ya umma. Pamoja na upungufu huo wote ikawa filamu ya msingi ya aina yake, kwa sababu kisa chake kilikuwa na uzito. Shujaa wake, aliyeigizwa na Duane Jones, ni mtu mweusi anayeokoka usiku kucha kutoka kwa wafu, kisha asubuhi anapigwa risasi na walio hai. Martin Luther King alikuwa ameuawa Aprili mwaka huo. Watazamaji hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Uhaba wa fedha, basi, hauilazimishi filamu kuwa tupu. Tukitaka kujua utupu unaingiaje, tunapaswa kumfuatilia zombi mwenyewe.

4. Zombi alivyoacha kazi

Zombi alizaliwa Haiti, katika koloni la Kifaransa lililoitwa Saint-Domingue, miongoni mwa watumwa ambao wengi wao walitoka Afrika ya Kati. Wataalamu wa lugha hulihusisha jina lake na maneno ya eneo la Kongo yanayotaja roho au mzimu. Kwa mtumwa wa shamba la miwa, kifo kilikuwa tumaini la kurudi kwao. Kutisha kwa zombi kulikuwa hapo: mtu aliyekufa asipumzike, akaendelea kulima kwa ajili ya bwana wake. Watu wa Haiti hawakumwogopa zombi kwamba angewala. Waliogopa kufanywa zombi.

Marekani iliikalia Haiti kuanzia mwaka 1915 hadi 1934 na kurudisha kazi ya lazima ya barabara. Katika kipindi hicho mwandishi William Seabrook alichapisha The Magic Island, mwaka 1929, akisimulia habari za wafu waliodaiwa kufanya kazi katika mashamba ya kampuni ya sukari. Miaka mitatu baadaye ikatoka White Zombie, filamu ya bajeti ndogo iliyotumia mandhari ya kuazima kutoka filamu nyingine. Ndani yake bado kuna kinu cha sukari kinachozungushwa na wafu. Mwaka 1968 kinu hakipo tena. Wafu wa Romero hawafanyi kazi ya mtu yeyote, wanakula tu. Neno zombi halitamkwi hata mara moja katika filamu hiyo, lakini ndiyo iliyoweka sura ya zombi anayejulikana leo duniani kote.

Romero alipomwondoa mfanyakazi aliweka jambo lingine mahali pake, yaani jamii ya Marekani ya wakati wake. Waigaji wake wengi walichukua kutembea kwa wafu na kuumana, wakaacha jamii. Sura hiyo iliyokwisha kukaushwa ndiyo iliyosafiri hadi kwenye vibanda vyetu.

Huku ilikutana na dhana iliyokuwa karibu sana na ile ya Haiti. Tanzania ina msukule, na kusini mwake ndondocha: mtu anayedhaniwa kuwa amekufa na kuzikwa, kumbe amechukuliwa na mchawi, akakatwa ulimi asiseme, akalishwa pumba na kulimishwa usiku. Filamu za video za Kiswahili zilizostawi baada ya mafanikio ya Girlfriend ya George Tyson, mwaka 2003, ziligundua mapema mvuto wa viumbe hawa. Mussa Banzi alitoa Nsyuka, ambayo jina lake ni la Kinyakyusa na linataja mzimu wa mfu. Mbele yao walikuwa Wanijeria, ambao tangu Living in Bondage ya mwaka 1992 walikuwa wameonyesha kwamba kisa cha kafara na utajiri wa ghafla kinaweza kuuzwa kwa kanda ya kawaida ya VHS.

Msukule ni zombi aliyebaki na jembe lake mkononi. Angeweza kurudisha swali ambalo Hollywood ililiacha: nani anatajirika kwa kazi ya mtu asiyeweza kusema? Katika filamu nyingi nafuu swali hilo huulizwa kwa dakika chache, kisha jibu la mkato hutolewa. Aliyefanya ni mchawi, na mchawi ni bibi, shangazi, au mke mkubwa. Mchungaji anafika, anapaza sauti, bibi anaanguka, filamu inakwisha.

5. Wafu ambao mpaka unao

Mtazamaji wa Busia au Tororo anayeonyeshwa kisa hicho ana haki ya kuuliza kwa nini mfu ameazimwa kutoka mbali wakati nyumbani wapo wengi. Hapa makala yanataja historia tatu ambazo zinajulikana na zimeandikwa.

Ya kwanza ni malale. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa huu uliua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 nchini Uganda, hasa Busoga na kando ya Ziwa Viktoria, na ufuko wa Samia haukusalimika. Mgonjwa alitembea akiwa kama amelala, akasahau watu wake, akakataa chakula, akazimika. Gavana Hesketh Bell aliamuru ufuko uhamwe, na vijiji vikabaki magofu. Madaktari walipapasa tezi za shingo na kuchoma sindano za uti wa mgongo. Katika visiwa vya Sese, Robert Koch aliwatibu wagonjwa kwa dawa ya atoksili mwaka 1906 na 1907, na baadhi yao wakapofuka. Malale hayakuishia enzi hizo. Mlipuko ulioanza Busoga mwaka 1976 ulifika Tororo mwishoni mwa miaka ya 1980. Mtu anayetembea bila nafsi yake, kijiji kilichoachwa, kizuizi cha barabarani, tiba inayoogopwa kama ugonjwa: kila kitu ambacho filamu ya zombi hukihitaji kimekwisha kutokea hapa. Mwaka 2020, madereva wa malori walipokaa siku kadhaa katika foleni za Busia na Malaba wakisubiri vipimo vya UVIKO-19, kisa kilipata sura yake ya karne hii.

Ya pili ni kazi ya lazima. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume wa Nyanza na wa mashariki ya Uganda walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza dhidi ya Wajerumani. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi wao kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, lakini makaburi ya wengi hayajulikani. Nchini Uganda kazi ya lazima iliyoitwa kasanvu ilidumu hadi ilipofutwa mwaka 1922. Nchini Kenya kipande kilivalishwa shingoni. Kisha reli ikapita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931. Mtu aliyechukuliwa asirudi, akafanya kazi bila kuuliza, akafa bila kuzikwa na watu wake, si jambo la kubuni katika eneo hili.

Ya tatu ni wazimamoto. Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, alikusanya masimulizi ya wazee wa Siaya, kusini ya Busia, na ya Uganda, ambako watu hao waliitwa bazimyomwoto. Masimulizi yalisema kwamba wazimamoto waliwakamata watu usiku, wakawaweka katika mashimo na kuwatoa damu kwa ajili ya Wazungu. White hakuyachukua kama ushirikina wa kupuuzwa wala kama taarifa ya tukio. Aliyasoma kama njia ya watu kujadili ajira, tiba na mamlaka wakati ambapo lugha ya ofisi haikuwapa nafasi. Tofauti yake na kisa cha bibi mchawi ni kubwa. Katika simulizi la wazimamoto, anayenyonya ana sare, gari na mshahara. Wazee waliosimulia waliangalia juu walipotafuta chanzo cha hofu yao. Filamu inayojiita ya kisasa huangalia chini, kwa jirani asiye na nguvu.

Zaidi ya hayo, mapokeo ya wafu katika eneo hili yana mantiki yake. Miongoni mwa Wasamia na Waluhya wengine, misambwa hudai kukumbukwa. Miongoni mwa Wateso, ipara, yaani roho za wafu, husumbua walio hai kwa sababu kuna deni au wajibu ambao haukutimizwa. Mfu wa huku haji kula ubongo. Anakuja kudai. Filamu inayomfanya mfu ashindwe kusema inampokonya jambo lililomleta.

6. Madhara ya kasoro ya kisa

Huenda msomaji akaona kwamba tunadai mengi kutoka kwa burudani ya jioni. Pingamizi hilo lina nguvu, na lisipuuzwe. Mtazamaji analipa ili aogope na acheke, na mtengenezaji asiye na ruzuku hawezi kulazimishwa kuwa mwalimu wa historia. Tena haijathibitishwa kwamba mtu humuua jirani yake kwa sababu ya filamu aliyoitazama, na makala haya hayadai hivyo.

Tunachodai ni kidogo zaidi, na kinaweza kuthibitishwa. Katika nchi zetu, tuhuma ya uchawi ina matokeo. Mwezi Mei 2008, huko Kisii, magharibi ya Kenya, watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto wakituhumiwa uchawi. Vikongwe wa Usukumani nchini Tanzania wameuawa kwa tuhuma hizo kwa miongo kadhaa. Sheria inalitambua tatizo hili. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 inamwadhibu anayejidai mchawi, na pia inamwadhibu anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi nje ya mamlaka zilizotajwa. Tanganyika ilikuwa na sheria yake ya mwaka 1928, na Uganda ya mwaka 1957. Sheria hizi zina upungufu wake wa kikoloni, lakini zilielewa kwamba tuhuma ni kitendo.

Filamu inayorudia kisa kile kile, kwamba kila mfu ana bibi aliyemtoa, huifanya tuhuma ionekane ni hitimisho la kawaida. Hapo ndipo inapokutana na filamu za Vugiri. Filamu ya kikoloni ilisema umaskini unatokana na upumbavu wa mwanakijiji. Filamu nafuu ya misukule inasema kifo kinatokana na husuda yake. Katika zote mbili, mwenye shamba, mwajiri, mtoza ushuru na mganga aliyeuza dawa bandia wanaondoka bila kuulizwa. Kasoro ya picha haimdhuru mtu. Kasoro hii inaweza kumdhuru, na aliye hatarini zaidi ni yule asiye na mtetezi.

Wala haisemekani kwamba kuirekebisha kunahitaji fedha. Kati Kati ya Mbithi Masya, filamu ya Kenya ya mwaka 2016, inawaweka wafu katika hoteli iliyo porini, bila vipodozi vya kutisha, na kila mmoja hawezi kuondoka hadi akiri lililomfikisha pale. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007 zimo ndani yake. Katika Atlantique ya Mati Diop, iliyopata tuzo ya Grand Prix huko Cannes mwaka 2019, wajenzi wa Dakar waliozama baharini wanarudi usiku kumdai tajiri mishahara yao. Wamebadilika macho tu. Kubadilisha mtu anayeshitakiwa katika kisa ni kazi ya kalamu, na kalamu ndiyo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika utengenezaji wa filamu.

7. Mapendekezo

Yafuatayo yanaelekezwa kwa wanaoshauri vyombo vya umma katika nchi zinazopakana hapa.

Kwanza, vigezo vya kufadhili na kutuza filamu viongeze kipimo cha kisa. Tamasha la Filamu la Uganda, lililoanzishwa na Tume ya Mawasiliano mwaka 2013, na Kamisheni ya Filamu ya Kenya, vina nafasi ya kuwatuza waandishi wa miswada wanaotumia masimulizi ya maeneo yao. Ruzuku ndogo kwa mwandishi inaweza kuzaa matunda kuliko kamera moja ya gharama kubwa.

Pili, uainishaji usigeuzwe kuwa marufuku. Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya inafanya kazi chini ya sheria iliyotungwa kuelekea uhuru, na mazoea yake ya kupiga filamu marufuku yamezua kesi mahakamani. Filamu ya misukule inayomtuhumu bibi isizuiwe. Inatosha maelezo ya uainishaji yamtajie mtazamaji kwamba ina tuhuma za uchawi dhidi ya wazee, kama yanavyotaja damu na lugha chafu.

Tatu, kuwe na mpango wa pamoja wa kuhifadhi filamu nafuu pamoja na sauti za wasimulizi wake. Yaliyopata mafaili ya Who Killed Captain Alex? yanatuonya. Mtafiti wa mwaka 2060 atakayetaka kujua watu wa Busia waliogopa nini mwanzoni mwa karne hii hatapata jibu katika magazeti pekee. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inaweza kuanza na usimulizi wa Kiswahili, kwa kuwa huo ni sehemu ya historia ya lugha yenyewe.

Nne, masimulizi ya wazee kuhusu malale, kariakoo na wazimamoto yarekodiwe pande zote mbili za mpaka na yawekwe mahali ambapo waandishi wa miswada wanaweza kuyafikia bila malipo, katika vyuo na maktaba za Busia na Tororo. Waliosikia habari hizo kwa wazazi wao wanazidi kupungua.

8. Hitimisho

Makala yamejaribu kuonyesha kwamba kasoro za filamu nafuu za wafu-hai hazina uzito sawa. Kasoro za picha na sauti zina sababu za kiuchumi, na jamii imepata namna ya kuishi nazo. Kasoro ya kisa ina asili ya mbali zaidi: zombi aliyenyang'anywa kazi yake, na mazoea ya tangu ukoloni ya kuweka chanzo cha maafa katika tabia ya mnyonge. Mpaka wa Busia na Tororo una wafu wenye madai halisi, waliokufa kwa malale, kwa mizigo ya vita na kwa kazi wasiyoichagua. Filamu itakayowaruhusu kusema inaweza kuwa na unga usoni na jenereta inayonguruma nyuma ya ukuta, na bado ikastahili kutazamwa.